Itaingia Tu, Mzee Wangu

Oktoba 2025 iliwaletea watu wa Nyamira mambo mawili kwa mpigo. La kwanza lilikuwa bonasi ya majani chai, ambayo mwaka huo huku magharibi mwa Bonde la Ufa ilikuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki, na wengi waliipokea wakinuna. La pili halikutangazwa kwenye kituo chochote cha kununulia majani: tarehe 14 ya mwezi huo, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mchuma chai wa Kebirigo hakuwa na haja ya kujua. Mwenye saiba alikuwa na haja, kwa sababu kutwa anaandika nywila za watu za KRA na eCitizen kwenye mashine ambayo nyufa zake sasa hazizibwi tena.

Mwalimu wa kisa hiki alifikiwa na yote mawili. Alistaafu akabaki na kishamba cha chai na saiba ya kompyuta nne karibu na steji ya Nyamira mjini. Kila mtu humwita Mwalimu, hata wazee waliomaliza shule kabla yeye hajazaliwa. Kompyuta tatu ni za mtumba, zile za ex-UK zenye makasha madogo ya ofisi. Ya nne ni kloni, imeungwa hapa nchini kwa vipande vya kununua, nayo ndiyo inayoendesha printa. Zote zilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-6500, na kwa kazi zake zilimtosha: marejesho ya ushuru yanayojaza saiba hadi mlangoni kila ifikapo 30 Juni, fomu za HELB, hati za mishahara za walimu wenzake, usajili wa SHA tangu ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Windows 11 ilizikataa zote nne. Masharti yake kwa upande wa Intel ni prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha kutunzia funguo za siri. TPM si shida kubwa kwa mashine za umri huo, kwani bodi nyingi huwa nayo ndani kwa ndani na ni ya kuwashwa tu kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoamsha mashine. Kizazi ndicho kikwazo. Tarakimu inayofuata kistari katika jina la prosesa ndiyo inayotaja kizazi chake: i5-6500 ni ya kizazi cha 6, ya mwaka 2015. Kuanzia kizazi cha kumi husomwa tarakimu mbili, kwa hiyo i5-12400 ni ya kizazi cha 12. Mwalimu alipungukiwa na vizazi viwili.

Pumzi alikuwa nayo. Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, na Linux haimuulizi mtu prosesa yake ni ya kizazi gani. Lakini wateja wa saiba wamezoea Word, na Mwalimu ni mtu wa kumaliza jambo. Akapiga hesabu. Kompyuta nzima ya kizazi cha 8 ingeimeza bonasi yote na kudai zaidi. Prosesa peke yake, tena ya mtumba, ingebakisha hata pesa ya mbolea. Jioni moja akaifungua kloni, akapangusa vumbi, akasoma kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, jina la modeli lenye herufi na tarakimu H110. Akatafuta kwenye simu: soketi yake ni LGA 1151. Akatafuta prosesa ya kizazi cha 8 iliyo nafuu, akaipata i5-8400, yenye viini sita pale ambapo yake ina vinne. Soketi yake? LGA 1151. Kwa mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, pande mbili za mlinganyo zilikuwa sawa.

Alimpigia simu muuzaji mmoja wa Barabara ya Luthuli, Nairobi, akamuuliza swali moja tu: itaingia kwenye bodi yangu ya 1151?

"Mzee wangu, 1151 ni 1151. Itaingia tu."

Muuzaji hakusema uongo. Iliingia.

Nambari ya soketi ya Intel haina fumbo: ni hesabu ya pini. Herufi LGA zinakuambia kwamba pini ziko kwenye bodi, na chini ya prosesa kuna vidoa bapa vya dhahabu vinavyokaa juu yake. Soketi ya 1155 ilikuja 2011, ya 1150 ikafuata 2013, ya 1151 mwaka 2015, ya 1200 mwaka 2020, ya 1700 mwaka 2021, na ya 1851 mwaka 2024. Mfuatano huo wenyewe unaonyesha mazoea ya kampuni: baada ya vizazi viwili hivi, mara chache vitatu, soketi hubadilika, na mwenye bodi ya jana hana tena prosesa mpya ya kuitamani. Hilo linaudhi lakini halidanganyi. Nambari zikitofautiana, prosesa haikai kwenye soketi, na mtu anajua amekosea kabla hajawasha chochote.

Balaa huja pale nambari inapobaki ileile na mambo mengine yakabadilika. Oktoba 2017 Intel ilitoa kizazi cha 8 cha kompyuta za mezani, kiitwacho Coffee Lake, ikakiweka kwenye soketi ya pini 1151 kama ilivyofanya kwa kizazi cha 6 na cha 7. Vikato vya pembeni vinavyoongoza prosesa ikae sawasawa viliachwa mahali palepale. Kilichobadilika ni kazi za pini. Viini vilipoongezeka umeme nao ulihitajika zaidi, kwa hiyo pini zinazolisha viini ziliongezwa kutoka 128 hadi 146, nyingine zikitolewa kwenye zile zilizokuwa zimewekwa akiba. Kampuni ikatangaza kwamba prosesa hizo zitafanya kazi kwenye bodi za mfululizo wa 300 tu: Z370 ikatangulia, kisha 2018 zikaja H310, B360 na H370. Bodi za mfululizo wa 100, ambamo H110 ya Mwalimu imo, na za mfululizo wa 200, zikaachwa nje. BIOS zake hazina hata maandishi ya kumtambua mgeni huyo.

Majina hayo ya H110 na B360 ni ya chipuseti, chipu iliyo kwenye bodi inayosimamia diski, USB na mawasiliano mengine na prosesa. Ndiyo yaliyobeba habari ambayo nambari ya soketi haina. Prosesa ya Coffee Lake kwenye H110 ni kama ufunguo wa Solex uliochongewa kufuli jingine la Solex: unazama wote hadi shingoni, ila haugeuki.

Wapo mafundi waliolazimisha ndoa hiyo kwa kuziba baadhi ya vidoa kwa utepe na kuandika BIOS upya, na kompyuta zikawaka. Ndiyo maana wengi walisema mpaka huo uliwekwa na wafanyabiashara kuliko wahandisi. Nadhani wana hoja. Lakini hoja hiyo haisaidii saiba yenye foleni mlangoni, na wala si kazi ya kufanyia kwenye mashine unayoitegemea kwa riziki.

Kifurushi kilifika Kisii na basi la usiku, kikapanda Probox hadi Nyamira. Prosesa ilikuwa imefungwa kwa plastiki ya viputo ndani ya boksi la chaja ya simu. Mwalimu alingoja watu wapungue, akailaza kloni juu ya meza. Alikuwa mwangalifu, nami nalisema hili kwa sababu tunapenda kuamini kwamba hasara ni za wazembe. Alichomoa waya wa umeme. Aligusa chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke mwilini. Alizungusha miguu minne ya feni mmoja mmoja, akaipangusa gundi ya joto iliyokauka kwa pamba, akainua mkono wa chuma unaobana soketi, akaitoa i5-6500 na kuilaza ndani ya bahasha. Kisha akaiteremsha i5-8400, kile kipembetatu cha dhahabu kikielekea alama yake kwenye bodi. Ikatulia bila kusukumwa. Akashusha mkono wa chuma, akapaka gundi mpya, akarudisha feni, akawasha.

Feni ikazunguka. Taa ya mbele ikawaka. Kioo kikaandika kwamba hakuna ishara, kikazima.

Hapo hasara ya pili ikaanza kujiunda, na hii muuzaji hakuhusika nayo. Kompyuta ambayo feni yake inazunguka humpa mtu tamaa. Huonekana imebakiza kidogo tu. Mwalimu akahamisha RAM kutoka nafasi hii hadi ile, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akabadilisha waya wa kioo, akatoa ile betri ndogo ya BIOS na kuirudisha. Ni mambo ambayo fundi yeyote angeyajaribu, na hakuna hata moja lililohusika. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Manga kama ilivyo kawaida ya alasiri za huku, radi ikaanza kunguruma, na alijua kwamba stima ingeweza kupotea wakati wowote. Akaharakisha. Akaing'oa feni tena, gundi ikiwa mbichi, vidole vikaanza kuteleza, akaishika prosesa kwa ncha za kucha. Ikamponyoka. Haikuanguka mbali, ni upana wa kidole tu, lakini ilitanguliza kona, na chini yake palikuwa na pini.

Akarudisha i5-6500 yake ya zamani. Nayo haikuwaka.

Kesho yake alfajiri alipanda gari na kloni mapajani hadi Kisii mjini, kwa fundi mmoja wa kike ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha darasa la nne.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi hakuuliza dalili. Aliondoa feni na prosesa, akawasha kamera ya simu, akaivuta picha hadi soketi ikajaa kioo, akampa Mwalimu atazame mwenyewe. Safu kwa safu, pini zilikuwa zimeinama kwa mpangilio, mwanga ukiteleza juu yake kwa mistari iliyonyooka. Kwenye kona ya chini mistari ilikatika. Pini kadhaa zilikuwa zimelala kifudifudi, na mbili zimepandana.

"Uliichomoa kwa kucha?"

"Ilinitoka."

"Mwalimu, hiyo haikupaswa kuwa humo tangu mwanzo."

Alizinyoosha kwa sindano ya kushonea, moja baada ya nyingine, akitumia kioo cha simu badala ya lenzi. Moja ilikatika. Bodi iliporudishiwa i5-6500 iliwaka, lakini nafasi moja ya RAM haikuonekana tena na haijaonekana hadi leo. Ndivyo soketi zilivyo: pini nyingine zikikosekana hutaona tofauti, kwa kuwa zinagawana kazi ya umeme, nyingine ikikosekana inaondoka na upande mzima wa kumbukumbu.

Alipomaliza ndipo alipompa Mwalimu somo ambalo zamani yeye ndiye angelitoa. Hakuanza na prosesa, alianza na bodi. Kila kampuni ya kutengeneza bodi huweka kwenye tovuti yake ukurasa wa kila modeli, na ndani ya ukurasa huo kuna orodha ya prosesa zinazokubaliwa, jina kwa jina. Jina la bodi lazima liwe kamili, kwa sababu herufi moja mwishoni inaweza kuwa bodi tofauti kabisa yenye RAM ya aina nyingine. Hata za H110 zipo za DDR3 na za DDR4. Si lazima kufungua kasha kulipata. Programu ya bure iitwayo CPU-Z hulionyesha, na hata Windows yenyewe ukiandika msinfo32. Alimfungulia Mwalimu orodha ya bodi yake kwenye simu. Zilikuwapo za kizazi cha 6 na cha 7. Ya 8 hata moja.

"Ulimuuliza kama itaingia," fundi akamwambia. "Swali lilikuwa, bodi inaijua?"

Katika orodha hiyo, pembeni ya kila prosesa, huwa kuna safu ambayo watu huiruka: toleo la BIOS. Mimi naona hapo ndipo wengi wanaojiona wameelimika hunaswa. Bodi ya H110 iliyotoka kiwandani 2015 huikubali prosesa ya kizazi cha 7, lakini mpaka BIOS yake isasishwe, kwa kuwa ilipotengenezwa prosesa hiyo ilikuwa haijazaliwa. Vivyo hivyo H310 iliyokaa rafuni tangu kabla ya Oktoba 2018 haitambui kizazi cha 9. Na hapa pana kizungumkuti: ili uifundishe bodi kuhusu prosesa mpya, inabidi iwake kwanza, na ili iwake inahitaji prosesa ya zamani ambayo pengine huna. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa yoyote. Nyingi za bei ya chini hazina, na aliye mbali na fundi ahesabu hilo kabla ya kulipa.

Kwa watu wa Nyamira na Kisii kuna jambo jingine ambalo miongozo ya Ulaya huligusa juu juu. BIOS ikisasishwa huandikwa upya kwa dakika chache, na stima ikipotea katikati ya dakika hizo bodi inaweza kufa moja kwa moja. Huku kwetu, ambako ngurumo za alasiri na kukatika kwa umeme ni ndugu wa damu, kazi hiyo hufanywa asubuhi na mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Anayesasisha BIOS saa kumi jioni mwezi wa Aprili bila UPS anacheza kamari.

Mwalimu sasa alikuwa na prosesa nzuri ya kizazi cha 8 isiyo na pa kukaa. Alimpigia muuzaji, jibu lilikuwa kwamba kitu kilichokwisha kuwekwa kwenye mashine hakirudi. Basi akapata wazo la kununua bodi ya mfululizo wa 300 na kuiweka kwenye kasha la mojawapo ya zile ex-UK, ili angalau ipendeze. Fundi alimkatiza. Kompyuta za ofisi za kampuni kubwa huundwa kasha, bodi na pawasaplai kwa pamoja, na vipande hivyo havipatani na vya madukani. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ambayo imejaa kwenye saiba zetu, pawasaplai yake ina plagi kuu ya pini 8, ilhali bodi ya kawaida inadai pini 24. Hata vitundu vya skrubu na waya za kitufe cha mbele huweza kukataa. Kloni isiyo na sura ndiyo iliyokuwa na faida hapa: kasha la kawaida, pawasaplai ya kawaida, RAM ya DDR4 inayohamia bodi mpya bila neno, na feni inayokubali, kwa kuwa vitundu vya feni havikubadilika kutoka 1155 hadi 1200. Kwenye 1700 vimebadilika.

Hesabu ya Mwalimu ilikuwa nyepesi kwa sababu ilihesabu kipande kimoja. Anayebadilisha prosesa na kuvuka mpaka wa chipuseti anabadilisha bodi pia. Akivuka zaidi anabadilisha RAM, na feni, na huenda pawasaplai. Ukijumlisha hayo, mara nyingi unajikuta hatua chache tu kutoka kompyuta nzima ya mtumba ya kizazi cha 8 au cha 9, iliyojaribiwa, yenye Windows 11 ndani. Kwa saiba ya kawaida mimi ningechagua hiyo bila kusita. Kubadilisha prosesa peke yake kuna maana ukiwa ndani ya mpaka uleule, mathalani kutoka i3 hadi i7 ya kizazi kilekile kwenye bodi ambayo orodha yake inazitaja zote mbili.

Kwa anayeanza upya na kununua bodi mpya hali ni tofauti, na hapo inafaa kutazama mbele. AMD ilitumia soketi ya AM4 kuanzia 2016, Ryzen za kwanza zikaja 2017, na hadi 2024 ilikuwa bado inatoa prosesa za soketi hiyo. Ni maisha marefu kwa soketi. Hata hivyo orodha ni lazima vilevile. Prosesa za Ryzen 5000 hazikuruhusiwa kwenye bodi za kwanza za AM4 mpaka 2022, na kwa kuwa chipu za BIOS za bodi nyingi zilikuwa ndogo, baadhi ya masasisho yaliziondoa prosesa za zamani ili mpya zipate nafasi. Tena zile Ryzen za kwanza za 2017 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, ingawa zinauzwa bado kwa maneno matamu. Na kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Gundi ikishakauka, ukiivuta feni kwa nguvu prosesa hutoka nayo, mkono wa soketi ukiwa bado umefungwa. Iendeshe mashine ipate joto kwanza, zima, kisha izungushe feni taratibu kabla ya kuiinua. Soketi ya AM5 ya 2022 ilizihamishia pini kwenye bodi, na RAM yake ni DDR5 tu.

LGA 1700 ya Intel imebeba vizazi vitatu, cha 12, 13 na 14, jambo ambalo si la kawaida kwao. Mtego wake uko kwenye RAM. Zipo bodi za 1700 za DDR4 na zipo za DDR5, majina yakikaribiana, na kijiti cha aina moja hakiingii kwenye nafasi ya nyingine. Mtego mwingine ni herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-9400F au i3-12100F. Hizo ni nafuu kidogo kwa sababu hazina sehemu ya kutoa picha. Bila kadi ya picha, waya wa kioo ukichomekwa kwenye bodi hautatoa kitu. Saiba haina kadi za picha. Nimeona prosesa hizo zikisifiwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye saiba na watu ambao wazi hawajawahi kuziunga.

Mwalimu aliipata bodi ya H310 ya mtumba baada ya kungoja. Safari hii hakuuliza kama itaingia. Alimwomba muuzaji picha ya jina lililochapwa kwenye bodi na picha ya soketi ikiwa wazi, kwa karibu, ili pini zionekane. Muuzaji wa kwanza alikasirika na kukata simu, wa pili alituma. Picha zikaenda kwa fundi Kisii, fundi akasoma orodha, akatazama pini, akajibu kwa neno moja: chukua. I5-8400 ilikaa, BIOS ikaitaja kwa jina lake, na Windows 11 ikaingia. Bodi ya zamani yenye nafasi moja ya RAM imebaki kwenye boksi na i5-6500 yake, na Mwalimu anakataa kuitupa.

Zilibaki zile tatu za ex-UK. Fundi alimwambia zisifunguliwe kabisa. Moja ameinunua mwenye duka wa Ekerenyo anayetaka kuandika risiti na kuchapa tu. Mwalimu alimweleza waziwazi kwamba haitapokea Windows 11, na bei ikashuka kwa ajili hiyo. Pesa hizo pamoja na malipo ya chai ya mwezi zilitosha kompyuta moja nzima ya kizazi cha 8. Mbili nyingine zinangoja zamu yao kwenye meza ya nyuma, waya wa intaneti umechomolewa, na kazi zake ni kuskani na kuchapa barua. Mteja wa KRA akizikalia, huhamishwa mbele.